Laptopu ya moduli iliyogoma kuwaka: kisa cha bodi iliyosingiziwa

Mashine inayozungumzwa hapa ni Framework Laptop 13 ya toleo la kwanza, lile la mwaka 2021: laptopu ya moduli, yaani iliyoundwa ili kila sehemu ibadilishwe peke yake. Ndani ina prosesa ya Intel Core i5-1135G7, vijiti viwili vya RAM ya DDR4 vya GB 8 kila kimoja, SSD ya NVMe ya GB 500 na betri ya Wh 55. Inaendeshwa na Windows 11, na diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data yote. Mwenyewe ni mhasibu: kutwa anaingiza tarakimu kwenye majedwali makubwa, huku mashine pepe ya Linux (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) ikibeba hifadhidata ya kazi chinichini.

Kibodi kilimwagikiwa kinywaji chenye sukari. Vitufe vitano vikafa: 4, 5, R, T na F. Akawa anajisaidia na kibodi cha nje, kisha mashine ikawekwa kabatini kwa miezi kadhaa. Ilipotolewa haikuwaka. Chaja ikachomekwa, taa za pembeni hazikuonyesha chochote. Hukumu yake ikawa kwamba kile kinywaji hatimaye kimeimaliza bodi kuu. Mpango ukawa kununua kwa mkupuo mmoja bodi kuu yenye prosesa ya AMD na kibodi kipya, au kuachana na mashine hii kabisa na kuhamia Framework Laptop 16 kwa sababu ya pedi yake ya namba.

Laptopu ya moduli ina mtego wake. Kwa kuwa kila sehemu inauzwa peke yake, mtu huanza kwa kuuliza anunue nini, na sehemu ya bei kubwa ndiyo hushukiwa kwanza. Swali la kutangulia ni jingine: sehemu hii imeshikamana na ipi, na ukiitoa inaondoka na nini? Katika kisa hiki kulikuwa na matatizo mawili yasiyohusiana hata kidogo, na kuyatatua yote kwa siku moja kungezaa la tatu, baya kuliko yote mawili.

Haiwaki, lakini haijafa

Bodi za Framework 13 zenye Intel ya kizazi cha 11 zina udhaifu unaojulikana. Juu ya bodi kuna betri ndogo ya saa, aina ya ML1220, inayochajiwa upya. Kazi yake ni kutunza saa na kulisha ile sehemu ya bodi inayotakiwa kuwa macho kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye kizazi hicho betri hii huisha taratibu kila laptopu inapokaa bila chaja, hata kama betri kubwa bado ina moto. Ikishaisha, bodi haianzi: hakuna feni, hakuna picha, na mara nyingi hakuna hata taa. Vizazi vilivyofuata vilirekebishwa, lakini bodi za 2021 bado ziko mikononi mwa watu, na nyingi zinahukumiwa kifo kwa kosa hili dogo.

Dawa ya kwanza haihitaji bisibisi. Chomeka chaja na uiache saa 24. Betri ya saa huchajiwa kwa mkondo mdogo sana, kwa hiyo dakika kumi au saa moja si kipimo cha kitu chochote, na kubonyezabonyeza kitufe cha kuwashia kila baada ya muda hakuharakishi jambo. Mashine ya mhasibu iliamka baada ya kukaa kwenye umeme kutwa na usiku. Bodi ilikuwa nzima.

Kama isingeamka, hatua ya pili ni kufungua na kuipima betri hiyo kwa mita. Iliyo nzima husoma karibu na volti 3. Ikiwa imechoka hubadilishwa, na hapa watu wengi huumia: ML1220 na CR1220 zina umbo moja, kipenyo cha milimita 12 na unene wa milimita 2, na CR1220 ndiyo inayopatikana kila mahali. Usiiweke. CR1220 haikuundwa kuchajiwa, ilhali bodi itajaribu kuichaji. Matokeo yake ni betri kuvimba au kuvuja juu ya bodi yenyewe. Ipo pia njia ya kudumu, kijisehemu kinachokaa mahali pa betri hiyo na kuvuta umeme kutoka betri kubwa, lakini kinahitaji kulehemu. Asiyezoea kulehemu asijifunzie kwenye bodi hii.

Kuna sababu nyingine ya kutowaka inayofanana na hii kwa nje. Kitufe cha kuwashia hakiko kwenye bodi. Kiko kwenye kifuniko cha juu, kile kinachobeba kibodi, tachipedi na kisomaji cha alama ya kidole, na kifuniko chote kinazungumza na bodi kupitia kebo moja bapa. Kebo hiyo ikichomoka, ukibonyeza kitufe ni sawa na kubonyeza meza. Kutofautisha ni rahisi: chomeka chaja utazame taa ya pembeni. Ikiwaka rangi ya chungwa kuonyesha kwamba inachaji, huku kitufe hakifanyi kitu, shuku kebo. Isipowaka kabisa, jaribu kwanza chaja na kebo nyingine ya USB-C, kisha fikiria betri ya saa.

Vitufe vitano

Mashine ikiwa hai, zamu ikawa ya kibodi. Kabla ya kuagiza kitu inafaa kujua kama ubovu uko kwenye vitufe, kwenye kebo au kwenye programu, na njia safi ya kujua ni kuwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi bila kugusa diski. Bonyeza F12 wakati wa kuwaka, chagua flashi, kisha endesha evtest, programu inayoonyesha kila kitufe kinachobonyezwa. Usizime Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka, ili kuipitisha flashi hiyo. Tumia toleo la Linux linalokubaliana nayo, kama Ubuntu au Fedora. BitLocker ikiona mpangilio huo umebadilika, itadai ufunguo wa urejeshaji siku utakaporudi Windows.

Katika orodha ya evtest, kibodi cha Framework 13 huonekana kwa jina la AT Translated Set 2 keyboard. Hiyo inakueleza jambo la maana: si kifaa cha USB. Kidhibiti kidogo kilicho kwenye bodi ndicho kinachosoma safu na nguzo za vitufe na kuzipeleka kwa mtindo wa kibodi za zamani za PS/2. Tachipedi ina njia yake nyingine. Ndiyo maana vitufe hufa kwa makundi. Njia moja ya umeme ikiliwa na kutu, vitufe vyote vinavyoitumia huondoka pamoja, hata kama juu ya meza havijapangana mstari mmoja. Vitano vikifa kwa mpigo huku tachipedi na kisomaji cha kidole vinafanya kazi, kebo na bodi hazina hatia. Kilichoharibika ni kibodi chenyewe. Vyote vikifa pamoja, angalia kebo.

Je, kinasafishika? Kama kitufe kinanata tu, kofia yake inaweza kuinuliwa kwa uangalifu na kupanguswa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mashine ikiwa imezimwa na betri imetenganishwa. Kitufe ambacho hakitoi ishara yoyote kwenye evtest ni habari nyingine. Sukari imeshaingia kwenye tabaka za plastiki zilizogandishwa pamoja, na humo hupiti bila kuharibu.

Kwenye Framework 13 una chaguo mbili: kununua kibodi kitupu, au kifuniko kizima pamoja na tachipedi na kisomaji cha kidole. Kibodi kitupu ni nafuu, ila kimeshikiliwa na skrubu ndogo nyingi mno upande wa ndani wa kifuniko, na lazima uhamishe tachipedi na kitufe cha kuwashia. Ni kazi ya jioni nzima, na skrubu moja ikikatika kichwa utajuta. Kwa mashine iliyomwagikiwa, kifuniko kizima ndicho cha busara: hujui kinywaji kilifika wapi, na tachipedi ya zamani inabaki akiba. Vifuniko vya Framework 13 hukubaliana na bodi za vizazi vingine vya 13, kwa hiyo kifuniko kinachonunuliwa leo kwa ajili ya bodi ya Intel kitahamia kwenye bodi ya AMD kesho. Hicho ndicho kilichofanya uamuzi wa kibodi uweze kutangulia bila hasara.

Kubadilisha kifuniko ni kazi fupi. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, igeuze, legeza skrubu 5 za chini kwa bisibisi ya T5. Skrubu hizo hazitoki. Zinabaki kwenye mwili hata zikiwa zimelegea, usizivute. Igeuze tena, fungua kioo, inua kifuniko kwa upande wa mbele. Kinashikiliwa na sumaku, kinainuka bila kupambana. Usikinyanyue hadi juu kwa mkupuo, maana kebo ile bado imeshika. Kilaze kinyumenyume, chomoa kiunganishi kwa kuvuta kishikio chake, na ukiwa hapo tazama kiunganishi hicho na eneo lililokizunguka kwa mwanga mkali. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, pangusa kwa isopropili na burashi laini, na uache kikauke kabla ya kuunganisha kipya.

Kuhusu mpangilio wa vitufe: kile cha Marekani kinamfaa anayeandika Kiswahili, kwani hatuna herufi zenye alama juu yake. Ila katika Windows chagua mpangilio wa kawaida wa Marekani, si ule unaoitwa US International. Huo wa pili hugeuza kiapostrofi kuwa kitufe kinachosubiri herufi ifuatayo, na ukiandika ng'ombe utapata ngómbe. Watu wamebadilisha vibodi vizima kwa ajili ya hilo, ilhali ni mpangilio tu.

Baada ya kifuniko kipya, alama za vidole zilizosajiliwa hazipo tena. Kisomaji hutunza alama ndani yake chenyewe, kwa hiyo kipya kimekuja mtupu. Ingia kwa PIN, usajili upya. Aliyenunua kifuniko kilichotumika anaweza kukuta usajili unakataliwa kwa sababu alama za mwenye zamani bado zimo, zifutwe kwanza.

Tarakimu 48

Sasa tazama nini kingetokea kama mpango wa awali ungefuatwa, yaani bodi mpya juu ya kibodi kibovu, au vyote kwa pamoja.

BitLocker hufungua diski yenyewe kwa kutumia siri iliyo kwenye TPM, sehemu ya usalama inayotunza funguo, na kwenye mashine hizi TPM iko ndani ya prosesa. Ukiitoa bodi umeitoa TPM. Bodi mpya ikiwaka na SSD ya zamani, Windows itakuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo data haipatikani, na hakuna fundi wala kampuni itakayokupatia. Mhasibu hakuwa ameuweka mahali popote anapopakumbuka. Ulikutwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Wengine hawabahatiki hivyo.

Na hata ukiwa nao, unauandika kwa nini? 4 na 5 zilikuwa zimekufa. Bahati nzuri skrini hiyo inakubali F1 hadi F9 kwa 1 hadi 9, na F10 kwa sifuri. Kibodi cha nje cha waya nacho kinafanya kazi pale. Cha Bluetooth hakifanyi, kwa sababu Windows bado haijaamka kukitambua. Programu za kupanga upya vitufe, zile zinazofanya kitufe kimoja kifanye kazi ya kingine, hazisaidii hapo wala kwenye BIOS, programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows, kwani zinaishi ndani ya mfumo ambao bado umefungwa.

Kuna na sababu ya pili ya kutobadilisha vyote siku moja, nayo ni ya kifundi tu. Bodi mpya isipowaka, utataka kujua kosa ni la bodi, la RAM, la kebo ya kifuniko au la kitufe cha kuwashia. Kama kifuniko kimeshafanya kazi wiki mbili kwenye bodi ya zamani, tayari umepunguza washukiwa wawili.

Bodi ipi, na inaandamana na nini

Mashine ilipopona, bado ilikuwa nzito. Task Manager ilionyesha RAM imejaa kila mashine pepe inapowashwa, prosesa ikiwa haijachoka sana. Kwa mtu mwingine jibu lingekuwa kununua vijiti viwili vya DDR4-3200 vya GB 16 na kufunga mjadala. Huyu alikuwa na sababu mbili za kwenda mbele: mashine yake hukaa wiki kadhaa bila kuguswa, hivyo ugonjwa wa betri ya saa ungerudi, na fedha za DDR4 zingepotea siku yoyote atakapohamia AMD.

Bodi ya Intel ya kizazi cha 12 au 13 ingepokea vijiti vyake vya zamani, kwani nazo zinatumia DDR4. Bodi ya AMD Ryzen 7040 ya mwaka 2023 haipokei, inataka DDR5-5600. Usijaribu kulazimisha: pengo la kijiti liko mahali tofauti na volteji pia ni tofauti. Uamuzi ulikuwa Ryzen 5 7640U yenye kori 6, pamoja na vijiti viwili vya DDR5 vya GB 16. Ryzen 7 7840U ina kori 8 na chipu ya picha yenye nguvu zaidi, lakini kwa majedwali na hifadhidata moja tofauti hiyo haionekani. Fedha iliyobaki ilifanya kazi bora kwenye RAM. Viwe viwili, si kimoja cha GB 32. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa hutumia RAM hiyo hiyo, na kijiti kimoja huikatia njia nusu nzima.

SSD inahamia kama ilivyo. Skrini, spika, kamera, chaja ya wati 60 na kadi za upanuzi (vipande vidogo vya matundu kama HDMI na USB-A vinavyochomekwa pembeni), vilevile. Betri ya Wh 55 inaingia, ila kabla ya kuamua endesha powercfg /batteryreport na ulinganishe uwezo wa kiwandani, ambao uwe karibu na mWh 55,000, na uwezo wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 70, nunua ile ya Wh 61 iliyoanza kutolewa 2023, maana utakuwa umeshafungua mashine tayari.

Kadi ya Wi-Fi inahitaji macho. AX210 hufanya kazi kwenye bodi zote mbili. AX201 na AX211, ambazo majina yao huishia na 1, hutegemea sehemu iliyo ndani ya prosesa za Intel. Zitaingia vizuri kwenye tundu la bodi ya AMD na hazitaonekana kabisa. Bodi ya AMD imeundwa kutumika na kadi ya MediaTek, lakini mwenye AX210 hana haja ya kununua nyingine.

Siku ya kubadilisha

Kazi inaanzia ndani ya Windows, si kwenye skrubu. Ufunguo wa BitLocker uchapishwe kwenye karatasi, kisha ulinzi usitishwe kwa muda kutoka kwenye mipangilio, jambo ambalo huwa linaondoa ile skrini ya bluu. Karatasi iwepo hata hivyo. Hakikisha unalijua nenosiri la akaunti, si PIN pekee: PIN ya Windows Hello nayo imefungwa na TPM na itakataa kwenye bodi mpya. Leseni ya Windows iliyonunuliwa dukani huhamishika kupitia kitatuzi cha uamilishaji; iliyokuja na mashine imefungwa kwenye bodi ile na haifuati. Pakua mapema furushi la draiva za bodi ya AMD na uliweke kwenye flashi, kwa sababu draiva ya Wi-Fi ndiyo utakayoihitaji kabla ya intaneti.

Kisha toa kadi zote nne za upanuzi. Wengi husahau, na ndilo kosa linalovunja matundu: kila kadi imechomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB-C lililo kwenye bodi, na ukivuta bodi huku kadi zimo, kitu kitasalimu amri. Fungua kifuniko kama awali. Kitu cha kwanza kuchomoa ndani ni betri. Hakuna kinachotangulia hicho. Fuata kebo ya skrini, ya kamera, ya spika na ya bodi ndogo ya sauti, kila moja ikivutwa kwa kishikio chake na kwa mwelekeo wake, kamwe si kwa waya. Viunganishi viwili vya antena ya Wi-Fi huinuliwa wima kwa ncha ya plastiki. Ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote kurudisha: kikalishe katikati kabisa, kisha bonyeza mpaka usikie mlio mdogo. Ukibonyeza kikiwa kimeenda pembeni, pini ya katikati hupinda na Wi-Fi inabaki dhaifu bila sababu inayoonekana.

Bodi mpya inakuja na feni na kipoza joto vikiwa vimefungwa, hakuna kupaka dawa ya joto. Weka RAM na SSD kabla ya kuifunga mwilini.

Kuwasha mara ya kwanza ndiko kunakotisha. Unabonyeza, taa inawaka, skrini ni giza, feni inazunguka kidogo. Dakika zinapita. Prosesa inajifunza RAM mpya, jambo ambalo kwenye DDR5 linaweza kuchukua dakika kadhaa, na hujirudia ukibadilisha vijiti. Anayekata tamaa na kushikilia kitufe kuzima huirudisha mwanzo. Iache. Ukishafika Windows na kuweka draiva, rudisha ulinzi wa BitLocker.

Kinachofuata kulalamikiwa ni kadi ya HDMI. Kwenye bodi ya Intel ya 2021 matundu yote manne ni sawa. Unaweka kadi yoyote popote. Kwenye AMD 7040 si hivyo. Matundu mawili ya nyuma, yaliyo karibu na bawaba, ni USB4 na yanatoa picha. Kati ya yale mawili ya mbele, moja tu ndilo linalotoa picha. Mhasibu alirudisha HDMI mahali pake pa zamani, mbele, na skrini ya nje ikakaa giza. Kadi ilikuwa nzima, tundu halikuwa lake. USB-A nayo ina mahali pake: ikikaa nyuma hula betri zaidi kuliko ikikaa mbele. Mpangilio ukawa HDMI na USB-C nyuma, USB-A na microSD mbele. Kuchaji hakuna ubaguzi. Matundu yote manne yanachaji.

Pedi ya namba na swali la inchi 16

Framework 13 haina nafasi ya pedi ya namba na haitapata. Framework 16 inayo, na hapo ndipo vifaa vya kuingiza vinapopendeza kweli. Sehemu yote ya juu ni vipande: kibodi, pedi ya namba, pedi ya vitufe 24 vya amri za mkato, vipande vya taa vya nukta 306, tachipedi na vijazio. Vinahamishwa kwa mkono bila bisibisi, hata mashine ikiwa inafanya kazi. Kibodi kinaweza kukaa katikati, kulia au kushoto, na tachipedi inasogezwa kukifuata.

Uzuri ambao wahasibu hawaufikirii ni kuweka pedi ya namba upande wa kushoto. Mkono wa kulia unabaki na mausi, wa kushoto unaingiza tarakimu, na bega halivutwi nje kutwa nzima. Siku za mwanzo ni mateso. Baadaye ni nafuu. Halafu vibodi vya 16 ni vifaa vya USB vyenye chipu yao wenyewe, RP2040, na fimwea (programu ya ndani ya kifaa) ya QMK. Unachokipanga hukaa ndani ya kibodi chenyewe, kwa hiyo kinafanya kazi kwenye BIOS, kwenye skrini ya BitLocker na kwenye mfumo wowote. Kwenye 13 hilo halipo. Unabaki na programu kama PowerToys kwa Windows au keyd kwa Linux.

Gharama yake si fedha pekee. Ni mashine ya kilo 2 na zaidi badala ya kilo 1.3, mipaka kati ya vipande inaonekana na kuguswa kwa kiganja, na bodi za 13 haziingii kwenye 16, kwa hiyo hakuna kitu cha maana kinachohama zaidi ya SSD, RAM kama ni ya DDR5, na kadi za upanuzi. Mwenye kukaa meza moja na kuhitaji kadi kubwa ya picha, sawa. Huyu anayeitembeza mashine alishauriwa pedi ya namba ya USB ya waya, vitufe vya mitambo, iwekwe kushoto. Inafanya yote yale isipokuwa kukaa ndani ya mwili wa laptopu.

Kwa anayejali kibodi kuliko kasi kuna laptopu ya MNT Reform ya Berlin, yenye kibodi cha mitambo na uchaguzi wa tachipedi au mpira wa kuzungusha, na michoro yake yote ikiwa wazi. Ni mashine ya kupendwa, si ya kuendeshea Windows; prosesa zake ni za ARM na ulimwengu wake ni Linux.

Bodi ya zamani

Bodi ya i5 ilibaki na vijiti vyake vya DDR4, ambavyo hata hivyo havingefaa kwingine. Inafanya kazi bila mwili wa laptopu: chaja ya USB-C tundu moja, kadi ya HDMI lingine, kibodi na mausi ya USB. Kasha lake linauzwa na Cooler Master, na michoro ya vipimo iko wazi kwa mwenye printa ya 3D. Kabla ya kuitoa kwenye mwili, ingia BIOS uwashe ruhusa ya kufanya kazi bila betri na kifuniko, kama toleo lako linayo. Baada ya hapo ni swichi ndogo iliyo kwenye bodi inayoiwasha. Inahitaji SSD yake, au kadi ya upanuzi ya hifadhi ya GB 250.

Mhasibu aliiwekea Linux na kuihamishia ile hifadhidata, na mashine pepe ikafutwa kwenye laptopu. Ile betri ya saa haimsumbui tena, kwa kuwa bodi haitoki kwenye umeme.